Je, Wajua? Wimbo Ndio Uliobeba Katuni

Kwa miaka mingi, Jumamosi asubuhi ilikuwa saa ya watoto nchini Marekani. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960, vituo vikubwa vya televisheni, CBS, NBC na ABC, vilipanga katuni mfululizo tangu alfajiri hadi karibu na adhuhuri, na katikati yake yakapenyezwa matangazo ya nafaka za kifungua kinywa na ya vitu vya kuchezea. Katuni nyingi zilitengenezwa haraka na kwa fedha kidogo. Michoro ilirudiwa na mandhari yakazungushwa. Hadithi zake wengi wamezisahau, lakini wimbo wa ufunguzi bado wanauimba mwanzo hadi mwisho. Waulize nani aliutunga, na hapo ndipo wanapokwama. Makala haya yanawataja baadhi ya watunzi, waimbaji na wapigaji hao, kwa sababu wanastahili kutajwa.

1. Fundi aliyetoka kwenye sinema bubu

Je, wajua kwamba muziki wa Bugs Bunny ulitungwa na mtu aliyejifunza kazi kwenye kumbi za sinema zisizo na sauti? Carl Stalling alipiga kinanda katika jumba la Isis, Kansas City, miaka ya 1920. Picha zilikuwa bubu, kwa hiyo yeye ndiye aliyezipa sauti: mhusika akikimbia, vidole vinakimbia naye; akianguka, kinanda kinaanguka naye. Huko ndiko alikofahamiana na Walt Disney, na baadaye akamtungia muziki wa katuni zake za mwanzo. Mwaka 1936 alihamia studio ya Warner Bros., nyumbani kwa Bugs Bunny, akabaki huko hadi 1958, akikamilisha kwa wastani muziki wa katuni moja kila wiki.

Warner Bros. ilimiliki haki za nyimbo nyingi zilizovuma, na Stalling aliruhusiwa kuzitumia apendavyo. Mara nyingi aliuchagua wimbo kwa jina lake. Akitokea mhusika aliyevaa gauni jekundu, okestra inapiga "The Lady in Red". Hakuna anayeimba neno, lakini mtu mzima aliyeujua wimbo huo aliupata utani papo hapo. Mtoto aliyekaa karibu naye aliipata lahani bila utani, nayo ikamkaa kichwani. Katuni hizo zilizotengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema ziliingia Jumamosi asubuhi mwaka 1962 na kuendelea kuonyeshwa na vituo vikubwa hadi mwaka 2000.

2. Muziki wa kiwanda ambao haukutungiwa katuni

Katika katuni za Warner Bros., mara nyingi zinapotokea mashine, mikanda ya kiwandani na magurudumu yanayozunguka, husikika kipande kimoja kizito kinachojirudia kwa mapigo ya nyundo. Kipande hicho kinaitwa "Powerhouse". Kilirekodiwa mwaka 1937 na kikundi cha Raymond Scott, mpiga piano na mtunzi wa New York.

Scott hakuwahi kutunga muziki kwa ajili ya katuni. Warner Bros. ilinunua haki za kazi zake mwaka 1943, naye Stalling akaanza kuzichomeka kila palipofaa. "Powerhouse" peke yake imesikika katika katuni zaidi ya 40. Scott mwenyewe alielekeza nguvu zake kwenye kubuni ala za muziki za kielektroniki, na mwaka 1971 kampuni ya Motown ikamwajiri kwa kazi hiyo. Mamilioni ya watoto walikua wakiujua muziki wake bila kulijua jina lake.

3. Paka, panya na nadharia nzito

Tom na Jerry nao walihamia Jumamosi asubuhi, kwenye kituo cha CBS, mwaka 1965. Mtunzi wao, Scott Bradley wa studio ya MGM, alikuwa msomi wa muziki wa kisasa wa Ulaya. Katika katuni ya mwaka 1944 iitwayo "Puttin' on the Dog", alitumia mfumo wa noti kumi na mbili uliobuniwa na Arnold Schoenberg, mfumo ambao hata wapenzi wengi wa muziki wa okestra huona ni mgumu kuusikiliza. Bradley aliuweka pale panya alipokuwa akitembea ndani ya kichwa cha mbwa wa kuigiza. Watoto walicheka tu, na ugumu wote ukawa umepita.

4. Wimbo uliotungwa kwa simu

MGM ilipofunga idara yake ya katuni mwaka 1957, William Hanna na Joseph Barbera, waliowaumba Tom na Jerry, walianzisha kampuni yao ya kutengeneza katuni za televisheni. Fedha za televisheni zilikuwa sehemu ndogo tu ya zile za sinema. Ikabidi wapunguze michoro: mhusika anasimama bila kusogea, kinachotikisika ni mdomo na mkono. Picha zilipopungua nguvu, kazi ya kumshika mtazamaji ilihamia kwenye sauti.

Walimpigia simu Hoyt Curtin, mtunzi wa muziki wa matangazo ya biashara mjini Los Angeles, wakamsomea maneno ya wimbo wa katuni yao ya kwanza, "The Ruff and Reddy Show". Curtin alikata simu, akatunga lahani, na baada ya dakika chache akawapigia na kuwaimbia. Upande wa pili ukawa kimya. Akadhani ameharibu. Kumbe walikuwa wameridhika, na swali lao likawa ni lini atairekodi.

Uzoefu wa matangazo ulimfaa sana. Mtunzi wa tangazo hujifunza kumnasa msikilizaji ndani ya sekunde chache na kumwachia kitu cha kuimba. Curtin aliufanya wimbo wa katuni kuwa tangazo la katuni yenyewe: unataja jina, unawatambulisha wahusika, unaeleza wanakoishi, kisha unamwachia mtoto hadithi. Hivyo ndivyo alivyotunga nyimbo za Top Cat, The Jetsons na nyingine nyingi.

5. Wimbo maarufu uliochelewa

Je, wajua kwamba The Flintstones ilirushwa kwa misimu miwili bila wimbo wake maarufu? Ilipoanza mwaka 1960, tena usiku na si asubuhi, ilifunguliwa kwa kipande cha ala tupu kiitwacho "Rise and Shine". Wimbo ambao dunia nzima inaufahamu uliwekwa mwanzoni katika msimu wa tatu, mwaka 1962. Walioimba ni Randy Van Horne Singers, kundi lilelile lililoimba The Jetsons.

The Jetsons ina ajabu yake. Ilitengenezewa vipindi 24 tu mwaka 1962 na 1963, kisha ikahamishiwa Jumamosi asubuhi, na vipindi hivyohivyo vikarudiwa kwa takriban miaka 20 kabla ya kutengenezwa vipya mwaka 1985. Mtoto wa miaka ya 1960 na mtoto wa miaka ya 1980 walisikia wimbo mmoja.

6. Mtihani wa wapiga tromboni

Tromboni haina vitufe. Mpigaji hupata noti kwa kusogeza bomba mbele na nyuma katika nafasi saba, na baadhi ya nafasi hizo ziko mbali sana kwa mkono. Curtin aliijua tromboni vizuri. Mwaka 1964, alipotunga muziki wa Jonny Quest, katuni ya safari na hatari, aliandika makusudi katika ufunguo mgumu, ili wapigaji walazimike kwenda kwenye nafasi ambazo hawakuzizoea, tena kwa kasi.

Wapigaji wa studio za Los Angeles walikuwa miongoni mwa mahodari wa jazi nchini, na bado walitoka jasho. Usikilize tena ufunguzi ule: shaba inaunguruma, ngoma zinasukuma kutoka chini, na tromboni zinapita kwenye ukingo wa kushindwa bila kuanguka. Hatari anayoisikia mtoto kwenye muziki huo ni ya kweli, kwa sababu wapigaji walikuwa hatarini kweli.

7. Mshindi wa Oscar na mtu buibui

Katuni ya Spider-Man ya mwaka 1967 ilitengenezwa kwa fedha kidogo hivi kwamba picha za mhusika akiruka kati ya majengo zilirudiwa kila kipindi. Wimbo wake, hata hivyo, uliandikwa na Paul Francis Webster, mwandishi wa mashairi ya nyimbo aliyekwisha kushinda tuzo tatu za Oscar. Muziki ulitungwa na Bob Harris, nao wimbo ukarekodiwa Toronto, Kanada, na kundi la waimbaji wa huko. Mwaka 1995 bendi ya Ramones iliurekodi upya kwa gitaa za punk katika albamu ya nyimbo za katuni za Jumamosi, na sinema za Spider-Man za karne hii zimeurudia mara kadhaa.

8. Jina la bandia

Je, wajua kwamba mpangaji wa muziki wa Billie Holiday alifanya kazi ya katuni kwa kujificha? Ray Ellis ndiye aliyeongoza okestra kwenye "Lady in Satin", albamu ya Holiday ya mwaka 1958 ambayo wapenzi wa jazi wanaiheshimu hadi leo. Miaka ya 1970, katuni nyingi za kampuni ya Filmation zilitaja watunzi wawili: Yvette Blais na Jeff Michael. Yvette lilikuwa jina la mke wa Ellis. Muziki ulikuwa wa Ellis mwenyewe. Ukiwa mtoto wa enzi ile, uliyekaa sakafuni na nguo za kulalia, huenda uliusikia mkono uliompamba Billie Holiday.

9. Mbwa aliyepata jina kwa Sinatra

Mwaka 1969 Fred Silverman, msimamizi wa vipindi wa CBS, alikuwa na katuni mpya ya vijana wanaofukuzana na mazimwi ya uongo. Wakuu wake waliikataa kwa kuwa inatisha mno. Akiwa safarini kwa ndege, alimsikiliza Frank Sinatra akimalizia "Strangers in the Night" kwa kuchezea silabi zisizo na maana. Silabi hizo zikampa jina la mbwa, mbwa akafanywa nyota, na woga ukageuzwa kicheko. Ndivyo Scooby-Doo alivyozaliwa.

Wimbo wa ufunguzi uliandikwa na David Mook na Ben Raleigh, na ukarekodiwa siku chache tu kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa tarehe 13 Septemba 1969. Msimu wa pili uliongeza jambo jingine: kila mbio za kukimbia zimwi ziliwekewa wimbo mzima wa pop, na Austin Roberts akawa mwimbaji wake. Kimbia kimbia ileile iliyochorwa kwa picha chache ikageuka dansi.

10. Bendi isiyokuwepo yashika namba moja

Je, wajua kwamba wimbo uliouongoza mwaka 1969 kwenye orodha ya Billboard ya Marekani uliimbwa na bendi ya michoro? "Sugar, Sugar" ulitoka chini ya jina la The Archies, vijana wa katuni ya The Archie Show iliyoanza Jumamosi asubuhi mwaka 1968. Walioandika ni Jeff Barry na Andy Kim. Sauti ya mbele ni ya Ron Dante, akisaidiwa na Toni Wine. Ulikaa namba moja Marekani kwa majuma manne na Uingereza kwa majuma manane, katika mwaka ambao The Beatles na Rolling Stones nao walikuwa kazini.

Baadhi ya nyimbo za The Archies zilifika nyumbani kwa njia ya ajabu: santuri yenyewe ilichapwa nyuma ya boksi la nafaka za kifungua kinywa. Mtoto alimaliza boksi, akachukua mkasi, akaikata duara ya kadibodi iliyopakwa plastiki, akaiweka kwenye gramafoni, na ikaimba.

Mwaka uliofuata Wilson Pickett, mwimbaji nyota wa soul, aliurekodi "Sugar, Sugar" kwa sauti yake ya mkwaruzo. Jamaica nako, Bob Marley na The Wailers wakaurekodi kwa mapigo ya kwao.

11. Sauti ya Patrice Holloway

Mwaka 1970 Hanna-Barbera walileta Josie and the Pussycats, bendi ya wasichana watatu. Mtayarishaji wa muziki, Danny Janssen, alimchagua Patrice Holloway, mwimbaji Mweusi wa Los Angeles ambaye tayari alikuwa mmoja wa waandishi wa "You've Made Me So Very Happy", kibao kilichovuma. Studio ilitaka wasichana wote wawe Wazungu. Janssen alikataa na kusema ataondoka na kazi yake yote. Studio ikarudi nyuma.

Matokeo yalionekana kwenye michoro. Mhusika Valerie akachorwa Mweusi, akawa msichana Mweusi wa kwanza kuwa mhusika wa kudumu katika katuni za Jumamosi asubuhi. Anayeimba wimbo wa ufunguzi kwa sauti ile iliyojaa ni Holloway. Katika historia yote ya nyimbo hizi, hapa ndipo kipaza sauti kilipoamua kalamu ichore nini.

12. Kunyata kwa chui wa waridi

Henry Mancini alitunga muziki wa "The Pink Panther" kwa ajili ya sinema ya mwaka 1963, akimfikiria mwizi wa vito anayetembea kwa kunyata. Saksafoni ya Plas Johnson ndiyo iliyompa mwizi huyo nyayo laini. Wachoraji wa katuni ya ufunguzi walifuata mapigo ya Mancini, na chui waliyemchora akawa maarufu kuliko mwizi. Mwaka 1969 alipata kipindi chake cha Jumamosi asubuhi, na kwa kuwa alikuwa hasemi kitu, saksafoni iliendelea kusema kwa niaba yake.

13. Hesabu zilizoimbwa

Mapema miaka ya 1970, David McCall, mkuu wa kampuni ya matangazo ya New York, aligundua kwamba mwanawe hawezi kukariri jedwali la kuzidisha ilhali anajua maneno ya nyimbo za Rolling Stones na Jimi Hendrix. Akatafuta mtu wa kuziimba hesabu. Akampata Bob Dorough, mpiga piano wa jazi aliyewahi kurekodi na Miles Davis. Dorough alirudi na "Three Is a Magic Number". Mchoraji Tom Yohe aliusikiliza na kuanza kuuchora.

Waliupeleka ABC, kwa Michael Eisner, aliyesimamia vipindi vya watoto. Katika chumba hicho alikuwemo Chuck Jones, mwongozaji mkongwe wa katuni za Bugs Bunny, naye akamshauri Eisner anunue. Januari 1973 vipande vya takriban dakika tatu vikaanza kurushwa kati ya katuni kwa jina Schoolhouse Rock!. Baada ya hesabu ikaja sarufi, kisha historia, kisha serikali. Kipande cha mwaka 1976 kuhusu safari ya muswada hadi kuwa sheria, kilichotungwa na Dave Frishberg na kuimbwa na Jack Sheldon, kimewafundisha Wamarekani wengi utaratibu wa bunge lao.

14. Nani anabaki na fedha?

Miaka ya 1980, mtunzi Shuki Levy na mshirika wake Haim Saban walikuja na mpango mpya. Waliwapa watayarishaji muziki wa katuni bila kuwatoza, wakabaki na haki za mrabaha. Kila katuni iliporudiwa popote duniani, fedha ziliwarudia. Wimbo wa Inspector Gadget wa mwaka 1983, ambao lahani yake inafuata nyayo za Edvard Grieg wa Norway, ni kazi ya Levy. Saban akawa bilionea.

Wengine walitumia katuni kama ngazi. Wimbo wa Teenage Mutant Ninja Turtles wa mwaka 1987 uliandikwa na Chuck Lorre pamoja na Dennis Challen Brown. Lorre ndiye aliyekuja kubuni kipindi cha vichekesho cha The Big Bang Theory pamoja na Bill Prady.

15. Kutoka Mombasa na Dar es Salaam

Mwaka 1995, baada ya sinema ya The Lion King, Timon na Pumbaa walipewa katuni yao, nayo CBS ikaionyesha Jumamosi asubuhi. Wimbo wake wa ufunguzi ulikuwa "Hakuna Matata" wa Elton John na Tim Rice. Miaka 13 kabla yake, Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wamekwisha kuyaimba maneno hayo katika "Jambo Bwana", kibao kilichotoka mwaka 1982 na kuzunguka dunia.

Ile kazi ya Bob Dorough, ya kuzipa hesabu mdundo, inaendelea Dar es Salaam. Mwaka 2014 Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa na TBC1, katuni ya Kiswahili inayofundisha hisabati na sayansi kwa nyimbo. Mtoto anaimba, na jibu analo.

16. Mwisho wa asubuhi

Sheria za vipindi vya elimu, chaneli za katuni za saa zote na baadaye intaneti vilimaliza desturi ile. NBC iliacha katuni mwaka 1992. Mnamo 27 Septemba 2014 kituo cha CW kilirusha katuni zake za mwisho za Jumamosi asubuhi, na enzi hiyo ikafungwa kwenye vituo vya kitaifa vya Marekani.

Kazi ya hawa watu haikuwa ya mzaha. Fedha zilikuwa chache, muda ulikuwa mfupi, na wasikilizaji walikuwa watoto. Wao walileta ufundi uleule waliowapelekea Billie Holiday, Miles Davis na majaji wa Oscar. Mtoto hapewi kazi ya nusu nusu eti kwa kuwa ni mtoto. Waliolijua hilo ndio ambao nyimbo zao zimedumu. Basi, mzazi, siku nyingine ukikaa na mwanao mbele ya katuni, iwe ya Marekani au ya hapa kwetu, usiuruke wimbo wa ufunguzi. Uache uishe, kisha subiri majina yapite mwishoni, umsomee mtoto jina la aliyeutunga.